Yeye

Chumba changu kiko juu ya duka la dawa za mifugo,
Barabara ya Kumi, Mbale. Vidato kumi na vinne.
Harufu ya dawa ya kupe hupanda pamoja na wagonjwa,
ingawa mimi siwaiti wagonjwa.
Nawaita wageni wa saa moja.

Okware huja Alhamisi, saa tisa mchana.
Anatoka Malaba, anakogomboa mizigo forodhani;
mkewe anadhani ni vidonda vya tumbo.
Tunazungumza Kiswahili, kwa kuwa si cha mama yake
wala si cha mama yangu,
na mtu hujivua kwa urahisi
katika nyumba isiyo na picha za wazee ukutani.

Wiki sita amenisimulia habari za yeye.
Yeye alinunua shati. Yeye hapokei simu.
Yeye alilia ndani ya lori, taa zimezimwa,
foleni ya mpaka ikiwa maili mbili.
Lugha hii ina huruma: neno hilo halina ndevu, halina matiti,
laweza kuketi kati yetu mchana kutwa
na mwenye nyumba akapita asione kitu.

Leo mvua imeshuka kutoka Wanale kwa hasira.
Okware akangoja mabati yapunguze kelele,
kisha, akitazama viatu vyangu:
"Daktari, wewe umeoa?"

Huruma ya lugha ikaishia hapo hapo.
Kuoa ni mlango wa wanaume, kuolewa wa wanawake,
nami miaka tisa naingilia dirishani.
Tumeoana, ningesema; lakini nani aliiona arusi?
Wepukhulu alikaanga mayai. Mimi nikaleta godoro. Basi.

Mwalimu wangu, Bi. Nabifo, alizoea kusema:
"Ukitaka kumpa mteja habari yako,
uliza kwanza nani ana kiu.
Kama ni wewe, kanywe maji kwako."
Na kweli koo langu lilikuwa kavu.

Nikamkumbuka pia kijana wa mwezi wa Machi,
aliyelia vizuri mno,
simu yake kifudifudi juu ya goti, inapata joto.
Huyo sikumwambia neno.
Wiki ile ile mwenzetu wa Soroti alitiwa pingu,
majirani wamesimama na miwa mikononi kama sikukuu.

Tangu sheria ile, ukweli wangu una bei,
na silipi peke yangu:
kabati la chuma nyuma yangu lina majina arobaini na moja.
Wakinichukua, watachukua na ufunguo.

Lakini wiki sita namwambia aibu si yake,
nami nikiwa nimejifunika shuka lile lile.

Chini barabarani ngoma za Imbalu zilipita,
vijana wamepakwa unga, wamelowa.
Mwaka wangu nilisimama, sikupepesa jicho.
Mjomba akanishika bega: sasa hakuna
atakayekuuliza tena kama wewe ni mwanamume.
Mjomba alikosea.

"Sijaoa," nikasema.
Ni kweli tupu. Ni uongo mtupu.
Okware akainamisha kichwa, akaanza kutafuta mwavuli wake,
na kabla hajaushika nikaongeza,
sijui kwa kiu ya nani:

"Lakini nikichelewa mvuani,
yeye huniwekea chakula."

Mabati.
Hakuuliza yeye ni nani.
Alichomoa karatasi moja ya kufutia machozi,
akaikunja mara nne, hakuitumia, akaitia mfukoni.
"Alhamisi?"
"Alhamisi."

Nyumbani Wepukhulu amepika malewa kwa karanga.
"Siku imekuwaje?"
Nilitaka kumwambia leo ametajwa.
Lakini habari ya Okware si yangu kuigawa,
hata mezani, hata kwake.
"Mvua," nikasema,
nikanawa mikono muda mrefu.